Nati Alizokaza Mume Wangu

Kila jioni mume wangu aliporudi kutoka kazini, habari yake ya kwanza ilikuwa hali ya barabara. Hakuanza na njaa wala uchovu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akasema, "Pale kwenye kalvati ukingo umeliwa tena. Sasa ni kupita katikati." Siku nyingine alisema, "Wameweka tuta jipya pale senta na hawajalipaka rangi. Nusura niache meno pale." Mimi nikiwa nachochea moto nilijibu, "Eeh."

Nitasema ukweli, mara nyingi sikuwa nasikiliza. Habari za mashimo zilinichosha. Siku moja nilimwambia, "Hiyo barabara unavyoisema, si uioe basi."

Akacheka hadi akakohoa. "Nimeshaioa, nyar Suna. Wewe ndiye mke mdogo."

Nyar Suna ni binti wa Suna. Huku Bonde la Lambwe mke huitwa kwa jina la alikotoka, na mimi nilizaliwa Masara, upande wa Migori, kwenye machimbo ya dhahabu. Mume wangu alikuwa mpishi wa shule ya msingi ng'ambo ya bonde. Kukiwa kukavu, ni mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Aliuendesha kila asubuhi ya shule kwa miaka ambayo sitaihesabu hapa, na wakati wote huo niliogopa kitu kimoja, kwamba siku moja nitaletewa habari kuwa lori limempiga. Barabara haikumpiga. Aliugua kifua, akalala kitandani kwetu, akafa mchana, mkono wake ukiwa kwenye mkono wangu. Mpaka leo sijui kwa nini niliwahi kuiogopa barabara nikasahau kikohozi.

Kabla hajalala kabisa alifanya kazi moja ya mwisho, nami lazima niieleze, kwa sababu mengine yote yanatoka hapo.

Katikati ya njia yake kuna kipande cha udongo mweusi, pale bonde linaposhuka karibu na ua wa mbuga ya Ruma. Kiangazi udongo ule hupasuka, na nyufa zake hulimeza tairi la mbele kwa urefu. Mvua ikinyesha unakuwa kama ugali usioiva. Unashika tairi, unapanda nalo, unajaa kati ya tairi na madigadi, yale mabati ya kuzuia tope juu ya magurudumu, mpaka gurudumu linasimama kabisa. Hapo baiskeli haiendeshwi wala haisukumwi, inabebwa. Kwa hiyo waendesha baiskeli wote wa huku wana desturi moja. Msimu wa mvua ukianza, mtu anachukua spana, anafungua madigadi yote mawili na kuyatundika nyumbani. Tope linamrukia mgongoni, linaacha mstari mmoja kutoka kiunoni hadi shingoni, na hakuna anayelalamika. Ukimwona mtu ana madigadi wakati wa mvua unajua ni mgeni. Mvua zikiisha, madigadi yanarudishwa.

Mume wangu aliyarudisha mvua za mwisho wa mwaka zilipoisha. Alikuwa tayari mgonjwa. Alikaa chini ya upenu wa nyumba, akaniomba nimshikilie gurudumu lisizunguke. Alikaza nati moja akapumzika. Akakaza nyingine akapumzika. Kazi ya dakika chache ilichukua muda wote niliokuwa nimepanga kwenda kuchuma mboga, na nakiri nilikuwa naiwaza mboga. Alipomaliza ya mwisho aliitikisa kwa kidole, akasema, "Imeshika." Baada ya hapo hakushika tena chombo cha kazi.

Tulimzika kiangazi. Wageni walipoondoka na mambo ya mila yakaisha, watu wa nyumbani walikaa kugawa vitu vyake. Koti lilienda kwa mjomba, viatu kwa mdogo wake, ambaye ni muuza maziwa na hupita njia zetu na madumu mawili kwenye karia. Baiskeli ilibaki kwangu, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa amekuja mazikoni akaniita kando.

"Mama," aliniambia, "watoto wamezoea mkono wa nyumba hii. Ukitaka kazi yake, njoo ujaribu hadi shule zifungwe. Lakini nakuomba kitu kimoja tu. Saa kumi na mbili na nusu moto uwe umewaka."

Alikuwa na sababu. Maharagwe ya chakula cha mchana hayana haraka, na uji wa watoto wadogo lazima uwe tayari saa nne. Wako watoto pale ambao uji huo ndio kitu cha kwanza kuingia tumboni tangu jana yake. Nilikubali. Nilikuwa na watoto wangu pia, na kazi hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee ya kuwabakisha shule.

Kuendesha baiskeli nilijua. Masara nilibeba maji kwa baiskeli tangu nikiwa msichana, na kule hatari ni mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi, nyasi zimeota mdomoni. Ukitoka njiani hatua mbili, unaweza kutafutwa kwa kamba. Kwa hiyo breki nilizijua. Lakini udongo wa kwetu ni mwekundu na una mawe. Ikinyesha leo, kesho unapita. Udongo mweusi niliusikia tu kwa mume wangu, tena kwa sikio moja.

Asubuhi ya kwanza niliondoka alfajiri. Nilipita kwenye josho la ng'ombe, nikaingia kwenye changarawe, na kabla sijaiona kalvati mikono yangu ilikuwa imeshapeleka baiskeli katikati. Nilishangaa. Mbele kidogo nilipunguza mwendo bila kujua kwa nini, kisha nikaliona tuta lile la senta, halina rangi. Kwenye kile kipande kifupi cha lami, ambacho ukingo wake umekatika kama ngazi, nilisikia lori la mawe nyuma yangu. Nikasikia na sauti ya mume wangu: "Usigeuke kuangalia. Ukigeuka mkono unayumba. Toka tu." Nikatoka mahali ambapo lami na udongo viko sawa, kwa sababu mahali hapo nilipajua, ingawa sikuwahi kufika. Lori likapita na vumbi lake.

Nilishuka nikasimama. Yale maneno yote niliyojibu "eeh" yalikuwa yameingia. Barabara nzima ilikuwa ndani yangu na sikujua. Nililia kidogo pale pembeni, nikapanda tena, kwa sababu moto ulikuwa unanisubiri.

Kiangazi chote sikuchelewa hata siku moja. Nilivaa nguo za rangi ya udongo, kwa sababu mume wangu alikuwa amekataa katakata sweta la buluu nililomnunulia zamani. Wakati ule nilinuna. Sasa nilipita chini ya vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotundikwa kando ya mbuga kutega mbung'o, nikaelewa kwamba wale wadudu hupenda buluu, na kwamba hakulikataa sweta kwa sababu ya mkono uliolinunua.

Jioni mama mkwe wangu alikuja jikoni kwangu. Nyumba yake iko hatua chache kutoka kwangu. Huketi kwenye kigoda karibu na mlango, haongei sana.  Wiki ya pili akauliza, bila kuniangalia, "Barabara ilikuwaje?"

Nikamwambia. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyowahi kusikiliza mimi.

Kisha mvua zikaanza. Mwanzoni zilikuwa nyepesi. Shemeji yangu muuza maziwa alinikuta getini asubuhi, baiskeli yake iko uchi, mstari wa tope tayari uko mgongoni.

"Nyar Suna, unaenda harusi? Madigadi ya nini?"

"Sina spana," nikasema.

Hilo lilikuwa kweli. Spana ya mume wangu haikuonekana tangu siku ya kugawa vitu, na nilidhani imechukuliwa na mtu.

"Yangu ipo nyumbani. Nikuletee jioni?"

"Usijisumbue, shemeji. Nitatafuta."

"Tafuta haraka. Tope la Lambwe likikupanda utakuja kulitapika."

Sikutafuta. Hapa ndipo penye kosa langu, na sitalipamba. Nilijua desturi. Nilikuwa nimemwona mume wangu akiyafungua mwaka baada ya mwaka. Lakini kila nilipoiangalia ile nati ya mwisho nilikiona kidole chake kikiitikisa. Nguo zake zilikuwa zimegawanywa, kitanda tulikuwa tumekigeuza upande, hata harufu yake kwenye mto ilikuwa imekwisha. Nati zile zilikuwa bado mahali alipoziacha, kwa nguvu ile ile aliyozikaza. Nilijiambia kwamba nikizifungua hakutabaki kitu ambacho mkono wake ndio uliokifanya mara ya mwisho. Kwa siku kadhaa nilipita pembeni, kwenye nyasi, nikikwangua tope kwa kile kijiti alichokuwa amekifunga kwenye fremu kwa kazi hiyo. Nikafika dakika za mwisho. Nikadhani nimeshinda.

Halafu ikanyesha usiku kucha. Asubuhi, nilipofika katikati ya udongo mweusi, gurudumu la nyuma lilisimama. Nilishuka, nikakwangua, nikaenda hatua kumi, likasimama. La mbele likafuata. Nyasi zenyewe zilikuwa zimezama. Nilijaribu kuiweka begani, nikashindwa. Baiskeli ile ni nzito ikiwa safi, sembuse na tope. Kukapambazuka. Nikaanza kuhesabu: sasa moto ungekuwa umewaka, sasa maharagwe yangekuwa yameingia.

Wanaume wawili walinipita na baiskeli zao, migongo ina mistari.

"Mama, wewe ni mgeni huku?" mmoja akapaza sauti.

"Mwache," mwenzake akasema, "anapeleka udongo kwenye maonyesho ya kilimo."

Walicheka, lakini walisimama. Waliegesha zao, wakaibeba yangu hadi kwenye mwinuko wenye mawe, mmoja mbele na mwingine nyuma. Yule aliyenicheka kwanza aliangalia madigadi, akaniangalia mimi na kitambaa changu cha msiba, akasema polepole, "Hii si baiskeli ya mpishi?"

"Ni yake."

"Pole, mama." Hakutania tena. Wakaenda.

Nilifika saa nne kasorobo. Mwalimu mmoja alikuwa amejaribu kuwasha moto kwa kuni mbichi, jikoni kulikuwa na moshi tu. Saa nne kengele ikalia. Watoto wadogo walikuja na vikombe vyao kama kawaida, wakapanga mstari. Msichana mmoja aliyekuwa mbele alichungulia ndani.

"Uji umeisha?"

"Haujaanza," nikamwambia.

Alifikiri kidogo, akakigeuza kikombe chake akakiangalia chini, kana kwamba tatizo liko huko. Halafu akarudi darasani, na wenzake wakamfuata. Hakuna aliyelia. Ningependa wangelia. Maharagwe ya mchana yalikuwa magumu, na wakubwa waliyatafuna wakiniangalia kwa pembeni.

Mwalimu mkuu aliniita. "Mama, kulikuwa na nini?"

"Pancha," nikasema.

Nilisema uongo kwa mtu aliyenionea huruma, tena mbele ya picha ya watoto wa shule iliyotundikwa ukutani. Yeye akaangalia miguu yangu, tope hadi magotini.

"Pancha?"

"Pancha, mwalimu."

"Haya. Pole." Akafunga daftari lake. "Lakini ikitokea tena, mama, nitalazimika kutafuta mtu anayeishi karibu. Si kwa ubaya. Umewaona wale watoto."

Nilikuwa nimewaona.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado juu, nikisukuma zaidi ya kuendesha. Mama mkwe alikuwa tayari kwenye kigoda chake. Akauliza, "Barabara ilikuwaje?"

Nikamwambia yote, na ule uongo pia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini hukuyatoa?"

 Nilikuwa nimeinama, nachuna tope kwenye spoku kwa kijiti.

"Nyar Suna. Nakuuliza."

"Nati alizikaza yeye, mama."

 Kuku walipita kati yetu. Kisha aliinuka, akashika kiuno, akaenda nyumbani kwake. Nilidhani nimemuudhi. Aliporudi alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye kipande cha leso kuukuu. Akakiweka mapajani pangu. Kilikuwa kizito. Nilijua kabla sijakifungua.

"Siku ile wanagawa vitu niliificha," alisema. "Iko chini ya kitanda changu tangu siku hiyo. Nilikuona unahangaika na tope kila siku. Nikasema kesho nitampa." Alijifuta uso kwa mkono. "Nilijua nikikupa utazifungua."

Kwa hiyo tulikuwa wawili. Mimi nililinda nati, yeye alilinda spana, na watoto wa watu walikosa uji katikati yetu.  

"Lete baiskeli hapa kwenye mwanga," akasema.

Alishika gurudumu lisizunguke, kama mimi nilivyolishika siku ile. Niliweka spana kwenye nati ya kwanza, nikavuta. Haikusogea. Nikavuta kwa mikono miwili. Mtu aliyekuwa hawezi kumaliza kikombe cha chai alikuwa ameikaza nati ile kama anafunga daraja. Nilianza kucheka, na mama mkwe akaniuliza nacheka nini, nikamwambia, "Mwanao huyu!" Akacheka na yeye, machozi yakimtoka, bado ameshika gurudumu.

"Vuta," akasema. "Hata yeye alikuwa anazifungua. Angekuwa hai angekuwa ameshazifungua tangu mvua ya kwanza, na angekuita mzembe."

Nati ikaachia. Baada ya ile ya kwanza, nyingine zilikuwa nati tu. Nilizitia kwenye mkebe wa majani ya chai, zote, nikahakikisha hakuna iliyopotea kwenye majivu. Madigadi niliyaosha, nikayatundika jikoni kwenye msumari alioupigilia mume wangu kwa kazi hiyo. Ukuta pale una alama mbili nyeusi za miaka yote. Yalikaa juu ya alama zake sawasawa.

Kesho yake niliondoka mapema zaidi. Ule udongo ulinishika, lakini uliniachia. Ulinirukia mgongoni, baridi, kutoka kiunoni hadi shingoni, na nilipofika kwenye mwinuko wa mawe nilikuwa juu ya baiskeli, si chini yake. Saa kumi na mbili na nusu moto ulikuwa unawaka.

Maharagwe yalipoanza kuchemka nilikwenda ofisini bila kuitwa. Nilisimama mlangoni kwa sababu nilikuwa natiririka tope.

"Mwalimu, jana haikuwa pancha. Nilikuwa nimekataa kutoa madigadi. Mume wangu ndiye aliyeyafunga mara ya mwisho."

Aliweka kalamu chini. Nilingojea aniambie lolote. Aliinuka akanizunguka, akaangalia mgongo wangu.

"Alikuwa anaingia hapa hivi hivi," alisema. "Na mstari huo huo. Halafu anaenda kubadilisha." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Shati lake la kubadilisha bado liko stoo, mama. Hakuna aliyejua akukabidhi vipi."

Lilikuwa nyuma ya magunia ya mahindi, kwenye msumari. Lilikuwa limeoshwa, na vumbi la unga begani. Nililivaa. Mikono ilikuwa mirefu nikaikunja mara mbili, kisha nikarudi kukoroga uji. Saa nne yule msichana wa kikombe alikuwa wa kwanza tena kwenye mstari. Alinyoosha kikombe ndani kabisa ya dirisha, hakutaka kubahatisha.

Mvua hizo sikuchelewa tena. Shule zilipofungwa, mwalimu mkuu aliniambia muhula ujao nije, na kwamba mwiko wa shule utapunguzwa mpini, kwani ulikuwa umechongwa kwa urefu wa mume wangu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kazi nimepata.

Udongo ulipokauka na nyufa kurudi, nilishusha madigadi nikayafunga mwenyewe, mama mkwe ameshika gurudumu. Sikuyafunga vizuri kama mume wangu. La nyuma hulia kidogo ninapopita kwenye changarawe, na shemeji yangu amesema ananisikia nikija kabla hajaniona. Spana sasa inakaa kwangu, kwenye dirisha la jikoni.

Jioni nikirudi naegemeza baiskeli ukutani, na mama mkwe ameshakaa kwenye kigoda. Jana nilimwambia kwamba pale kwenye kalvati mtu ameweka mawe makubwa mawili, upande ule uliolika, ili wanaopita waone.

"Nani ameyaweka?" akauliza.

"Sijui, mama. Lakini ni vizuri. Sasa hata mgeni atapita katikati."

Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza na lile tuta la senta, kama limepakwa rangi. Nikamwambia bado.